Chupa Iliyosalia

Saidi mwanangu,

Binti yangu sasa hivi kaipaka uji karatasi hii, usijali doa. Mimi mama yako mdogo nakusalimu. Hapa Kerege sote wazima.

Unauliza kama uache chuo urudi nyumbani, maana hesabu za mafuta mazito kupita bombani zimekushinda.

Siku ya kumsinga mama yako, kumsugua mwili kwa mafuta kabla ya arusi, mafuta ya nazi yaliganda kwa kipupwe. Nikatumbukiza chupa katika maji ya moto, ikapasuka. Ikasalia moja. Bibi yako akanifungia hiyo kifuani kwa kanga: "Haya, mwenye haraka, iatamie!" Wanawake wakacheka. Nikakaa na haya zangu, hadi nikasikia mafuta yanacheza chupani. Mama yako akasingwa, akang'aa.

Nawe hizo hesabu kaa nazo kwanza, baba, usiondoke, polepole zita... Mama mkwe ananiita.