Shaba ya Chumba Namba Tisa

Jumanne, 4 Machi

Nimefika. Hoteli ya binti yangu — si yake, anakaa mapokezi tu, tena bado yuko kwenye majaribio, lakini mama mtu naye aringe kidogo. Inafunguliwa Jumamosi. Kabla ya hapo kila mfanyakazi kaambiwa alete mzazi mmoja alale bure, ili wajifunzie kwetu. Yaani sisi ndio mchuzi wa kuonjea chumvi.

Jumba lenyewe lilikuwa la bwana mkubwa wa kikoloni. Bibi yangu asingekanyaga hata kizingiti cha mbele. Mimi nimepita, na nikapewa kitambaa cha moto nifute uso. Nikafuta na shingo.

Ukuta wa chumba changu umebanduka chokaa. Nikamwambia binti yangu kwa upole kwamba mafundi hawajamaliza. Akacheka — eti wameubandua makusudi, fundi katoka mbali kuja kuubandua, ndiyo historia! Kumbe nyumbani kwangu nimeishi ndani ya historia miaka ishirini na sina habari.

Kaniomba jambo moja tu. "Mama, tafadhali. Usishike kazi yoyote. Wewe kaa."

Mtihani huo!

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa. Kitini nimekaa, kitandani nimekaa, roshani nimekaa. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza pote.

Kitanda nilitandika mwenyewe. Dada wa usafi akaja akakitandua, akakitandika upya. Eti mto wa mgeni unasimama, haulali. Haya. Humu hata mto una cheo.

Yule dada ana mimba ya miezi saba. Miguu imevimba hadi viatu havifungi. Nikamuuliza, baba mtoto yuko wapi? Akasema, "Mama, hilo swali hata mimi najiuliza." Tukacheka mpaka akashika kiuno.

Vyumba sita kwa siku, na ngazi zile za mbao! Lifti hawakuweka, ingeharibu historia. Miguu ya watu haimo kwenye historia.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimemkalisha. Nilimwambia, mwanangu, weka miguu juu ya stuli, nusu saa tu, mimi sisemi na wewe usiseme. Akakataa. Nikamkazia macho. Kukaa tu, usingizi ukamchukua palepale, maskini.

Nikaingia bafuni na kitambaa chake. Mabomba ya shaba — meusi! Hoteli ya kifahari, mabomba kama yametoka jikoni kwa kuni! Wageni wa Jumamosi wayaone hivyo, aibu ya nani? Ya binti yangu anayewapa funguo. Kwenye trei ya asubuhi palibaki limau na chumvi. Nikasugua. Mabomba, vitasa, kengele ya kuitia watumishi, hadi ile namba tisa ya mlangoni. Mkono huu umesugua sufuria za harusi za ukoo mzima, haujasahau. Vikang'aa, unajiona hadi magego.

Dada alipozinduka akachungulia, akaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani kafurahi.

Jioni hiyohiyo.

Nimefanya nini mimi! Weusi ule ni wa miaka mia. Ndio walioutunza! Fundi aliupaka nta kwa brashi ndogo, bomba kwa bomba, usije ukatoka. Meneja kapanda ngazi mara mbili kuja kuangalia, mara ya pili akavua miwani. Anasema chumba kimeuawa. Na muuaji? Dada wa usafi, nani mwingine. Eti katumia dawa isiyoruhusiwa. Dada akainamisha kichwa, akasema samahani bosi. Basi. Hakunitaja. Angenitaja ingebidi aseme alikuwa amelala.

Na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Mdomo huu, ambao haujawahi kunyamaza hata msibani, ukanyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu kaja kabla ya chai, kafunga mlango. Hakuuliza kitu. Kapapasa bomba, kanusa vidole.

"Mama. Limau."

Huyu nimemlea mimi, hadanganyiki.

Meneja kamwambia yeye ndiye aandike ripoti ya kumfukuzisha dada. Leo. Na barua yake mwenyewe ya kuajiriwa inasainiwa leo jioni, na Meneja huyohuyo. Akaniambia ninyamaze mpaka Jumamosi ipite, dada huyo yeye mwenyewe atamtafutia kazi kwingine, anaapa. Kwingine wapi, na tumbo lile? "Na mimi je, mama, kwingine wapi? Miaka miwili nimezunguka na bahasha!"

Kweli. Nguo zake za usaili nilizipiga pasi mimi.

Mtoto wangu hana kosa. Mtoto wa mwenzangu hana kosa. Mwenye kosa analetewa juisi yenye mwavuli.

Saa nne. Niko mapokezi, kwenye kochi la bwana mkubwa. Wametugawia fomu sisi wageni wa kuonjea. Maswali kumi. Mto ulikuwaje? Ulisimama. La saba: eleza usafi wa chumba chako. Mistari mitatu wametoa. Mimi wa darasa la nne nimeijaza yote nikapanda na pembeni. Nimeandika kwamba ni mimi, kwa limau na chumvi. Na kwamba dada nilimlazimisha kukaa. Nikatia saini.

Kuandika ni rahisi. Kutoa!

Nimeikalia. Dada yuko ndani kwa Meneja. Binti yangu anakusanya fomu, kafika kwangu, tabasamu ni lile la wageni, mkono kanyoosha. "Mama, naomba fomu yako." Nimemjibu bado naandika — ndiyo hii naandika, daftarini, nionekane nina shughuli. Kainama, ananong'ona, "Nipe mimi. Usimpe mwingine." Sijui anaitaka aipeleke au aichane. Miaka ishirini na sita nimemlea, na hilo silijui!

Mlango wa Meneja umefunguka. Dada katoka, anafungua aproni. Meneja nyuma yake, anauliza kama fomu zote zimerudi.

Binti yangu kasema, "Bado moja."

Moja! Angeweza kusema zote. Haniangalii.

Nanyanyuka, fomu mkononi.