Aliyejiita Kunguru

Clonfada, Roscommon
Jumanne, 21 Novemba 2023

Mdogo wangu mpendwa Ruairí,

Pokea salamu zangu wewe na Malachy, na natumaini baridi ya Toronto haijawakuta bila makoti. Sisi hapa nyumbani hatujambo kwa kadiri. Goti linamsumbua Mama akipanda ngazi, lakini fimbo hataki kuisikia. Anasema fimbo ni ya wazee, naye ana miaka sabini na sita tu. Mbweha amekula kuku watatu tangu Septemba. Mvua ni ile ile uliyoiacha.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata kadi ya Krismasi humwachia Mama aandike. Nimejaribu mara mbili kukupigia simu. Mara zote mbili ulipopokea nilikuuliza habari za theluji, tukacheka, nikakata. Kwa hiyo nimeona niandike, kwa maana kalamu haicheki wala haibadilishi mazungumzo.

Nianze na habari ya mkutano. Jumapili ya tarehe tano mwezi huu, baada ya Misa, watu walikusanyika kwenye ukumbi wa parokia kuzungumzia ule mswada wa sheria ya maneno ya chuki. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Diwani aliniomba niseme neno, kwa sababu kila mtu hapa anajua yaliyompata ndugu yangu. Nilisimama nikasema naipinga sheria hiyo. Nilisema mtu aachwe aseme ujinga wake hadharani ili tumjibu hadharani, na kwamba serikali ikishapewa kufuli ya midomo, haitaishia kwenye midomo mibaya. Nikasema hayo nayasema mimi, ambaye mdogo wangu alitukanwa mpaka akahama nchi. Walinipigia makofi, Ruairí. Mwanamke mmoja alitoa leso akafuta macho.

Ndipo akasimama Bartley Naughton.

Najua hutaki kulisoma jina hilo. Nakusihi usiikunje barua. Nimelazimika kurudi nyuma kidogo, na mengine unayajua kuliko mimi, lakini nataka uyaone yamepangwa mstari mmoja kama ninavyoyaona mimi sasa.

Mwaka ule wa kura ya ndoa za jinsia moja, elfu mbili na kumi na tano, bado tulikuwa na kikosi chetu cha gemu ya mtandaoni: wewe, mimi, Bartley na wale vijana watano wa Boyle na Strokestown. Kila Jumapili mchana tulilinda mji wetu wenye kuta, kila mtu chumbani kwake na hedifoni masikioni, Bartley akipiga kelele, “Mlango wa nyuma, enyi vipofu, mlango wa nyuma!” Siku ya Pasaka ulituambia mezani kwamba kura ikipita utamwoa Malachy. Mama aliweka kisu chini, akauliza kama Malachy anakula kabichi. Sote tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na kesho yake nikavaa beji ya Ndiyo kwenye koti, nikaenda nayo kazini kiwandani.

Bartley hakuvaa beji yoyote. Yeye alikuita kwenye banda lake la kutengenezea matrekta, na wewe mwenyewe ulinisimulia jioni hiyo jinsi alivyokuambia. Alisema yeye atapiga kura ya Hapana, kwa sababu ndoa kwake ni jambo aliloapa mbele ya padri na marehemu mkewe, na hawezi kulipatia maana nyingine kwa ajili ya mtu yeyote, hata wewe. Kisha akasema siku ya harusi yako atasimama kando yako amevaa suti, na atakayekucheka atamkuta yeye kwanza. Ulikuwa umekasirika, lakini ulikuwa pia unatabasamu. Ulisema, “Yule mpuuzi ananipinga na kunipenda kwa pumzi moja.”

Wiki mbili baadaye alijitokeza Kunguru.

Sina haja ya kurudia aliyoyaandika kwenye ukurasa wa gumzo wa kikosi, uliokuwa wazi kwa kila mchezaji wa gemu ile. Mwanzoni yalikuwa mizaha, juu ya nani atavaa gauni. Kisha hayakuwa mizaha tena. Aliandika kwamba Baba anajigeuza kaburini. Aliandika kwamba Mama anaona aibu kwenda dukani. Na wiki moja kabla ya kura aliandika habari ya shela: kwamba ulipokuwa na miaka kumi ulijifungia stoo, ukavaa shela ya harusi ya Mama, ukacheza peke yako mbele ya redio. Watu wakaisambaza. Ikafika shuleni ulikokuwa unafundisha, na watoto wakaanza kukuchorea shela ubaoni.

Uliniambia siri hiyo uliwahi kumwambia mtu mmoja tu maishani mwako, ukiwa na miaka kumi na sita, naye ni Bartley. Basi hapakuwa na la kujadili. Uliyachapisha maneno yale kurasa kwa kurasa, ukazipeleka kituo cha polisi, na sajenti akakueleza kwa upole kwamba sheria iliyopo ni ya tangu zamani na haina meno. Ukarudi ukaandika jina la Bartley mbele ya kikosi kizima. Yeye alijibu maneno mawili tu: “Si mimi.” Hakuyarudia tena.

Kura ilipita nchini kote, na jimbo letu peke yake likasema Hapana. Ulisema huwezi kuishi mahali ambapo hujui ni nani kati ya wale wanaokusalimia aliyepiga Hapana. Mliondoka mwezi wa nane, mkaoana huko. Bartley alikutumia zawadi, ukairudisha haijafunguliwa. Sikulaumu.

Yaliyompata baada ya hapo sijui kama Mama amewahi kukusimulia. Mtu aliandika MWENYE CHUKI kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa banda lake. Klabu ilimwita ikamwomba aache kuwafundisha watoto mpira, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne bila malipo, kwa sababu wazazi walikuwa wanawatoa watoto wao mmoja mmoja. Aliwapa funguo, akawaeleza mipira ipi inavuja, akaenda zake. Siku hizi wenye matrekta wanayapeleka Castlerea, maili kumi na tano, wasionekane kwake.

Huyo ndiye aliyesimama ukumbini. Amekonda. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alipiga kura ya Hapana na hajawahi kulificha, na anayetaka kumchukia kwa hilo amchukie, ni haki yake. “Lakini aliyemwandikia Ruairí yale,” akasema, “msimwite mtetezi wa kanisa, wala msimwite mtetezi wa uhuru wa kusema. Huyo ni mwoga. Pitisheni sheria, msipitishe, mwoga ni mwoga.”

Sorcha Tiernan, binti wa mwenye duka la dawa, akadakia kutoka nyuma: “Si ni wewe mwenyewe, Bartley? Jifunge jela basi!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Bartley akaketi. Hakugeuka kunitazama, na mimi nilikuwa kiti cha tatu kutoka kwake, bado nina joto la yale makofi mwilini.

Ruairí, Kunguru ni mimi.

Nimeandika mstari huo nikaenda kusimama mlangoni, nikarudi. Bado upo. Ni mimi. Niliyaandika yote, tangu la kwanza hadi la shela. Hukuwahi kujua kwamba siku ile mlango wa stoo ulikuwa na ufa, na kwamba kaka yako wa miaka kumi na mitatu alikuwa nje yake. Nilikuona unazunguka na shela. Ulikuwa na furaha ambayo mimi sijawahi kuwa nayo, na sikumwambia mtu. Niliitunza siri hiyo miaka ishirini na miwili, kisha nikaitoa siku niliyotaka kuchekesha watu.

Maana hiyo ndiyo sababu, na ningependa ingekuwa kubwa zaidi. Kiwandani walinitania kwa ajili yako tangu asubuhi hadi jioni, nami nikiwa na beji yangu kifuani nikinyamaza. Siku moja nikafungua jina lingine kwenye gemu, nikaandika mzaha mmoja waliokuwa wanautumia wao. Watu kumi na mmoja walicheka. Mimi sijawahi kuchekesha watu kumi na mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa mcheshi nyumbani kwetu. Kesho yake nikatafuta cha pili, na cha pili lazima kiwe kikali kuliko cha kwanza. Kuna Jumapili moja ulikuwa unalia kwenye hedifoni, nami nakwambia usiwajali, ni washenzi tu, huku naandika. Nilikuwa nakufariji kwa mdomo na kukutukana kwa vidole.

Na la kushangaza, ambalo sitarajii kwamba utaliamini: kura yangu ilikuwa Ndiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba hustahili kuoa. Bartley alikuwa na maoni yake, akakuletea usoni. Mimi maoni yangu yalikuwa mazuri kabisa. Uliponiambia umempata mwenye kosa, nilipata nafuu, na nafuu ile nimeishi nayo miaka minane. Hata hotuba yangu ya ukumbini haikuwa ya uhuru wa mtu yeyote. Nilisikia sheria mpya inakuja, nikaogopa wataanza kufukua ya zamani.

Baada ya mkutano nilimkuta Bartley kwenye maegesho anafuta kioo cha gari kwa mkono wa sweta. Nilitaka kupita. Akasema bila kuinua kichwa, “Umesema vizuri, Fintan. Una kipaji cha maneno. Unacho siku nyingi.”

Nikajua kwamba anajua. Nikamuuliza tangu lini.

“Tangu siku ya shela. Mimi sikusema. Ruairí hakusema. Mama yenu kompyuta anaitandikia kitambaa. Kulikuwa kumebaki nani?”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri kwanza, kama anavyofikiria injini.

“Ningesema, yeye angebaki na nani? Marafiki atapata huko Toronto, wapo tele. Ndugu wa tumbo moja haagizwi dukani.” Kisha akasema, “Ila nimechoka, bwana. Watoto wananiona wanavuka barabara. Wale niliowafundisha mimi sasa wana watoto, na watoto nao wanavuka.”

Hakuniomba nifanye lolote. Aliingia garini akaondoka, na alipofika njia panda aliwasha taa ya kukata kona ingawa hapakuwa na mtu.

Nilikaa na hilo siku kumi na moja. Alhamisi iliyopita nilimwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi. Alifunga bomba ili anisikie vizuri, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama ni mimi niliyeandika kwamba Baba anajigeuza kaburini. Nikasema ni mimi. Akasema, “Mwandikie. Na usijitetee.” Akatoka kwenda kwa kuku, mvuani, bila koti. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula kama kawaida, lakini yeye anakula baadaye.

Jana nilikwenda kwa katibu wa klabu, Bi Attracta Beirne, nikamweleza yote. Aliniuliza kama nimekunywa. Kisha akanipa karatasi niandike na kutia sahihi. Itasomwa kwenye mkutano wa klabu, na padri amekubali itoke kwenye karatasi ya matangazo ya parokia Jumapili ya kwanza ya Desemba. Nimeomba barua hii iende kwa njia ya haraka ili ikufikie kabla. Kiwandani watajua, na Sorcha Tiernan atajua. Klabu haijaahidi kumrudishia watoto. Bi Attracta alisema miaka minane ni mingi, na kwamba Bartley mwenyewe huenda asitake.

Nimejaribu kumtii Mama nisijitetee. Pale nilipoteleza, pafute. Msamaha siuombi; najua ungenipa upesi, kwa sababu ndivyo ulivyo, nami ningeupokea upesi, kwa sababu ndivyo nilivyo. Ninachoomba ni umpigie Bartley. Namba yake ni ile ile. Saa sita mchana huwa ameketi bandani na chai yake na redio, na kwa saa za huko itakuwa bado asubuhi sana, lakini nadhani utaamka. Mimi usinipigie kwanza.

Mpe Malachy salamu zangu kama utaona inafaa, na kama haifai mwambie tu kwamba Mama anamsalimu, na anauliza kama kabichi za huko ni nzuri. Majirani wanaokuuliza ni wengi. Sitawataja, kwa sababu sijui nani atabaki anakuulizia kupitia kwangu baada ya Jumapili hiyo. Jitunzeni na hiyo theluji.

Ni mimi, kaka yako,

Fintan Geraghty