Wimbo Uliozikwa na Jesse

Jumanne, 8 Julai 1997

Wazungu wamefika shuleni. Wanne, kutoka Denmark: wa piano, wa saksafoni, wa ngoma, na Henrik, kiongozi wao, anayepiga besi ya mbao ndefu kunishinda. Nyimbo zote anatunga yeye. Jumamosi watapiga ukumbini. Rafiki yangu Magreth alivyosikia "jazi" akajua ni dansi, akaazima na viatu! Walipojaribu wimbo wa kwanza akaninong'oneza, hivi wameshaanza au bado wanakaza nyuzi? Nusura nicheke kwa sauti.

Mkuu wa shule kanichagua kutafsiri. Mimi, ambaye hata kuitika jina darasani naitika kwa kunong'ona.

Lakini ile besi. Haipigi kelele, inaongea tumboni. Kama kaka yangu Jesse alipokuwa akipuliza besi yake ya shaba kwenye bendi ya matarumbeta ya Baba.

Jumatano, 9 Julai

Nimefanya jambo baya. Bora niliandike lote.

Henrik aliniomba nimwimbie wimbo wowote wa kwetu. Tulikuwa wawili tu, nampangia makaratasi. Ningeweza kusema sijui hata mmoja. Nikamwimbia ule wa Jesse.

Baba aliutunga kaka aliposhushwa kutoka mlimani, amekufa kwa baridi akiwabebea wageni mizigo. Bendi ya usharika iliupiga mara moja tu, pale kaburini, besi ya Jesse imelazwa kwenye kiti, haina mtu. Kisha Baba akakusanya karatasi zote za noti, akaziweka juu ya jeneza. Akasema huu ni wake, ameondoka nao, asiupige mtu tena. Tangu siku hiyo Baba hapigi hata mluzi.

Henrik akauliza, wimbo wa nani? Nikasema ni wa zamani, hauna mwenyewe.

Kwa nini?! Kwa sababu ningesema kweli asingeupiga. Na mimi nilitaka kuusikia. Miezi kumi na moja nauimba kichwani, na ulishaanza kunipotea, ile sehemu ya katikati.

Akaupiga. Ile sehemu ilirudi yote. Nililia, yeye akadhani nimefurahi.

Alhamisi, 10 Julai

Wameuweka kwenye programu! Namba saba, "Wimbo wa asili wa Wachagga". Na viongozi wote wa matarumbeta wamealikwa, viti vya mbele. Baba kaletewa kadi na mchungaji. Suti ameshainyosha.

Nilimfuata Henrik. Sir, please, not that song. Akasema nisione aibu, watu wataupenda. Aibu! Nikasema okay. Mungu wangu, nilisema okay.

Ijumaa, 11 Julai

Baba alikuwa anang'arisha besi ya Jesse. Kila Ijumaa anaing'arisha, hakuna wa kuipuliza. Nikaanza, Baba, kuhusu wale Wazungu... Akatabasamu. Baba! "Enhe mama, nasikia wana besi ya mbao. Kaka yako angelala hukohuko shuleni."

Nikamwambia chai iko tayari.

Nimeenda mgombani, kaburini, nimechuma jani la isale. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata aliyeleta awe adui yako. Ila sharti kosa litajwe. Jani ninalo. Mdomo sina.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nyuma ya programu. Mapumziko. Nyimbo sita zimekwisha, Magreth keshavua viatu vya watu.

Baba kila besi ikiingia peke yake anafumba macho. Sasa katoka kusalimiana na wenzake, kofia kaiacha kitini. Nimetembea mpaka mstari wa mbele, watu wote wananiona, nikaweka isale ndani ya kofia. Kosa sijalitaja. Huko si kuomba msamaha, huko ni kutupa jani.

Wanarudi kukaa. Henrik kashika besi. Baba kainua kofia. Kaliona. Analigeuzageuza, anatazama nyuma kiti kwa kiti, nani kamkosea.

Kanifikia mimi. Hatazami tena kwingine.

Henrik ananiita jukwaani, nitafsiri. Maneno yake nayajua, kanionyesha asubuhi, kayaandika kwenye kikaratasi: huu ni wimbo wa zamani, hauna mwenyewe. Mkuu wa shule ananipungia mkono, haya, haya, Anaeli. Baba kasimama na jani mkononi, anangoja kosa litajwe –