Mwosha Vyombo wa Bi Zuena

Temeke,
Dar es Salaam,
Alhamisi, 13 Agosti 1953

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Gaudens,

Pokea shikamoo yangu, na nyingine umfikishie Mama kabla hujaendelea kusoma, maana mbele huko huenda ukaikunja barua hii kwa hasira na salamu zake zikapotea. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba dada Kokuberwa amejifungua salama. Kama ni msichana, nafurahi. Kama ni mvulana, nafurahi pia, ila kidogo. Mimi ni mzima wa afya.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeandika kwamba Gaspar wa kijijini kwetu alipita Temeke akanikuta nimeinama kwenye karai, nimejifunga kanga juu ya gauni, nakwangua masizi ya sufuria katika ua wa mwanamke asiyejua kusoma. Umeandika kwamba msichana wa Kihaya akionekana hivi mjini, watu hawaulizi anaosha nini, wanauliza anauza nini. Neno hilo nimelisoma mara nyingi, Baba. Wengine hunitupia njiani nami hupita. Limeniuma kwa sababu safari hii limeandikwa kwa mwandiko wako.

Umeniamuru nifungashe mizigo, na Jumamosi hii nipande treni pamoja na Gaspar, anayekuja likizo, hadi Mwanza, kisha meli mpaka nyumbani. Sitakuja. Nimeona niliandike mapema ili usipekue kurasa zote ukilitafuta. Sasa nakuomba usome sababu, kama ulivyokuwa ukiwataka wanafunzi wako wasome swali mpaka mwisho.

Kwanza, Gaspar hakusema uongo. Nilikuwa naosha, na nilikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko. Bi Zuena ni mjane mwenye nyumba ninamopanga chumba, na kazi yake ni kupikia watu karamu: harusi, khitima, ubatizo, chochote kinachokusanya midomo. Mwaka jana, nilipoacha kufundisha maarifa ya nyumbani, niliingia ubia naye, yeye kwa sufuria na mkono wake, mimi kwa sahani na kalamu. Nilinunua sahani za bati dazeni kumi na mbili, nyeupe zenye ukingo wa buluu, kwa kuwa makarani wa siku hizi hawataki kuzunguka sinia moja watu sita. Kila mmoja anataka sahani yake kama yuko hotelini. Kazi ikatuelemea. Bi Zuena husema kupika ni harusi na kuosha ni matanga, na sisi tulikuwa na harusi moja kwa matanga matatu.

Umeandika kwamba kama sina budi kushika biashara hiyo, basi angalau nitafute mtu wa kuosha. Tulikuwa tukimtafuta hata kabla barua yako haijafika.

Bi Zuena hakutaka vyeti vya sifa. Kila aliyekuja alipewa makarai mawili, kumbi la nazi, majivu, kipande cha sabuni, sahani ishirini, na sufuria moja yenye ukoko aliouunguza makusudi. Wa kwanza alikuwa Fransis, aliyetumika miaka mingi kwa Mzungu mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Alikuja na cheti ndani ya bahasha, akaulizia kanzu nyeupe itatolewa lini. Sahani zake ziling'aa hata ungeweza kujichania nywele. Ilipofika zamu ya sufuria, akanyoosha mgongo, akaeleza kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa vyombo vya mezani. Sufuria, huko alikotoka, zilikuwa na mtu wake. Bi Zuena akamjibu, haya baba, nenda kamlete huyo mtu wa sufuria, mje wawili mle ujira mmoja. Hakurudi.

Wa pili alikuwa Hija, mama wa makamo kutoka Lindi, mwembamba, asiyecheka ovyo. Huyu hakugusa maji. Alichukua sahani ya juu, akainusa, akauliza zimetoka kwa nani na walikula nini. Bi Zuena akaangua kicheko, akasema tangu azaliwe hajaona mwoshaji anayesaili sahani kama hakimu. Hija akasema kila chombo kina uchafu wake: cha samaki hutaka ndimu na majivu, cha samli hutaka maji ya moto kwanza, na kipo chombo ambacho hata kikimeta bado hakijatoharika. Mwoshaji asiyeuliza, alisema, anaupaka uchafu rangi tu. Kisha akainama akaosha, na ule ukoko ukatoka mzima kama kofia. Bi Zuena alimpenda papo hapo.

Mimi nilimkataa. Nilisema ana maringo, nilisema ni mzito, nilisema karamu haimsubiri mtu anayenusa. Na kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumtaja, nilitaja mashine.

Usicheke, Baba, mashine hiyo niliiona kwa macho yangu. Kulikuwa na mnada Oyster Bay, kwenye nyumba ya Mzungu anayehama, na kati ya makabati palikuwa na sanduku jeupe la bati, refu mpaka kiunoni, lenye vyano vya waya ndani. Dalali alisema unapanga vyombo, unafunga mlango, unawasha, nayo inarusha maji ya moto yenyewe mpaka vitakate, bila mkono wa mtu. Nilirudi nikamhutubia Bi Zuena usiku na mchana. Nilimwambia tuhamie Kinondoni, kwenye nyumba yenye umeme na bomba la ndani. Nilimwambia dunia inakwenda mbele. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akauliza kama mashine hiyo itakwenda bombani yenyewe na ndoo kichwani, na ikishiba makombo itayacheulia wapi. Nilipozidi kushikilia, aliacha ungo, akanitazama, akasema, mwanangu, wewe huitaki mashine, wewe unamkimbia yule mama. Amekufanya nini?

Hakunifanya kitu. Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo Gaspar hakuliona.

Tarehe tano Julai Bwana Albano, karani kutoka Songea anayekaa Ukonga, alibatiza mwanawe. Alikodi sahani zetu tu. Chakula walipika wenyewe. Sharti la Bi Zuena kwa wakodishaji ni moja: sahani zisiliwe nyama ya nguruwe. Kumwambia mteja sharti hilo ni kazi yangu, na kwa Bwana Albano sikulisema. Nilimkuta na tai shingoni, gazeti la Kiingereza mkononi, Mkristo mwenzangu, akaniita Mwalimu. Nikaona haya. Nilidhani nikilitamka nitaonekana mtumishi wa mwanamke wa Kiswahili, si mshirika wake.

Sahani ziliporudi Jumanne, Bi Zuena alikuwa sokoni. Kwenye moja palikuwa na kipande cha ngozi ya nguruwe, manyoya mawili matatu bado yamesimama juu yake. Nilikifukia nyuma ya choo. Nikachemsha maji, nikatia magadi, nikaziosha zote mara moja, kama nilivyokuwa nikiandika ubaoni kwamba maji yanayochemka na magadi huondoa kila kitu. Nilijua kwamba kwa Bi Zuena na watu wake najisi hiyo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo safi. Sikusahau, Baba. Nilijua, nikajiambia hayo ni ya wasiosoma. Alhamisi sahani zile zile zilikwenda Buguruni, kwenye khitima ya mke wa Mzee Jamali seremala, na watu zaidi ya mia wakazilia huku wakimwombea marehemu.

Kwa hiyo Hija alipouliza walikula nini, na Bi Zuena akamjibu kwa fahari kwamba sahani za nyumba hii hazimjui nguruwe, mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Ndiyo sababu niliitaka mashine. Mashine haiulizi.

Nilimwambia Bi Zuena Jumatatu ya wiki iliyopita, Hija naye akiwapo, amekuja kutaka jibu lake. Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akauliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akasema hilo ndilo linalomuuma: nguruwe huoshwa, lakini mimi nilimfanya alishe watu kama kipofu anayeshikwa mkono na mtu anayemcheka. Akavaa buibui, akaniambia twende.

Mzee Jamali alitusikiliza kwenye msumeno wake, maranda yamemjaa miguuni. Wanawe ndio waliofoka. Mmoja alinicheka, akasema ni mwalimu gani huyu asiyeweza kuhesabu mpaka saba. Mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani akaitwa, akasema waliokula bila kujua hawana lawama. Mzee Jamali akasema amesikia, lakini majirani hawaishi kwa lawama, wanaishi kwa maneno. Jumamosi hii ni arobaini ya mkewe. Ametaka Bi Zuena apike kama alivyopika mwanzo, na sahani zote zioshwe mara saba katika ua wake, mbele ya wanawake wale wale waliozilia, kwa mkono wa yule aliyeziosha mara moja. Nisipofika, atawaambia yeye mwenyewe ni nyumba gani iliyowalisha uchafu, na hapo Bi Zuena hatapika tena karamu, si Buguruni wala Temeke.

Ni Jumamosi hiyo hiyo ya treni, Baba.

Hija ameshaanza kazi. Alikubali kwa sharti kwamba mimi nami nikiosha niwe chini yake, na kwamba akiniuliza nijibu. Nimekubali. Jana alinionyesha udongo wa kutumia, akauchekecha mara mbili, akasema wangu wa kwanza ulikuwa na kokoto.

Unaweza kuniandikia kwamba nimejidhalilisha. Nami nakujibu kwamba nilijidhalilisha tarehe saba Julai, nikiwa peke yangu, nimesimama wima, bila mtu kuniona. Ninachokwenda kufanya Jumamosi nitakifanya nimeinama mbele ya watu wote, na sitakubali mtu anitoe hapo kwa kunishika mkono, hata kama mtu huyo ni wewe ninayekupenda kuliko wote. Ukiona ni uasi, ni uasi. Umenilea niyakane maovu, hukunilea niyapandie treni.

Jumamosi ni sikukuu ya Mama Maria Kupalizwa Mbinguni. Nitasali misa ya alfajiri, halafu nitakwenda Buguruni na sahani mia moja na arobaini na nne kwenye mkokoteni. Treni itakapoondoka nadhani nitakuwa kwenye mara ya tatu, au ya nne.

Barua hii nitampa Gaspar mkononi, na nimeshamsomea yote mpaka hapa, ili asihitaji kubuni. Alisikiliza akiwa amevua kofia. Akauliza kama anaweza kuja Buguruni kunichotea maji kabla ya kwenda stesheni. Nimemwambia maji nitachota mwenyewe.

Nisalimie Kokuberwa na mtoto, nisalimie wote wa nyumbani kwa majina yao, na Mama umsomee barua hii nzima, usimrukie mahali. Usiniombee nirudi. Niombee nisikosee hesabu mbele ya wanawake wale.

Ndimi mwanao, nisiyetii safari hii,

Demetria Kokushubila