Doa la Kisigino cha Mama Mdogo

Jumatano, 6 Machi
Siku ndefu. Asubuhi vinyama vya shingoni, wateja wawili. Halafu yule bibi harusi mtarajiwa mwenye chunusi za mgongoni — kila akija ananiuliza kama zitakwisha kabla ya siku yake, na kila nikimjibu anaona namdanganya. Daktari wetu wa ngozi yuko kwenye mafunzo wiki nzima. Wagonjwa wa ukurutu na mapunye wameambiwa warudi Jumatatu. Chumba changu cha urembo ndicho kinachofanya kazi.

Saa nane akaingia mama mdogo. Kanunua viatu vya wazi, vya rangi ya dhahabu, na umri wake ule! Anataka nimtolee lile doa jeusi la kisigino. Eti nawapendezesha watu baki, yeye aliyenilea anatembea na soksi. Nikamwambia sheria ya hapa: doa lolote jeusi lionwe na daktari kwanza. Akacheka. Kumbe siku hizi mtoto anampangisha mzazi foleni? Nikacheka na mimi. Nikampaka dawa ya ganzi, nikawasha mashine, nikalichoma. Dakika kumi tu. Faili sikufungua — mtu wangu wa nyumbani, faili la nini?

Alhamisi, 7 Machi
Mama mdogo kapiga simu. Kidonda kinakauka vizuri. Kaniombea dua ndefu mpaka simu ikapata moto sikioni.

Jumatatu, 11 Machi
Daktari karudi. Leo kaja fundi bomba mwenye alama nyeusi kwenye unyayo, kasukumwa na mkewe. Yeye anataka iondolewe tu arudi kazini. Daktari akakataa. Akakata kipande kidogo cha ngozi, akakitia kwenye kichupa cha maabara. Mimi nimeshika trei. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu — kwani tungeichoma ingekuwaje? Akasema ukichoma umeunguza ushahidi wote. Juu panapona, chini ugonjwa unaendelea na safari yake, na hakuna wa kukwambia ulikuwa ugonjwa gani. Madoa mengi ni madoa tu, akasema, ila ya nyayo na visigino hayaaminiki.

Akaomba pamba, nikampa mkasi. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala.

Lilikuwaje lile doa? Rangi moja au mbili? Kingo zimenyooka au zimepinda? Nimekulia miguuni pa yule mama, nimempaka mafuta miaka na miaka, na sikumbuki! Hata picha sikupiga. Wateja wa chunusi nawapiga picha kabla na baada. Mama yangu mdogo — ng'o. Kiherehere changu hiki!

Jumamosi, 23 Machi
Majibu ya fundi bomba: saratani. Lakini imewahiwa, daktari anasema atapona. Ofisi nzima imefurahi. Mimi nimejifungia chooni, nikafungulia bomba ili wasinisikie.
Sijasema. Madoa mengi ni madoa tu.

Jumapili, 14 Aprili
Nimeenda kwa mama mdogo kumsaidia kufua mapazia. Kavua viatu. Kovu limepona, laini kabisa. Na pembeni yake ukingo mweusi, mwembamba. Nikaliacha pazia kwenye beseni.

Nikamweleza yote, nimepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. Sheria niliyoivunja, ushahidi niliouchoma, wiki tano nilizonyamaza. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia! Akasema inuka, utapata baridi ya magoti. Kisha akauliza, wakijua watakufukuza? Nikasema huenda. Akaendelea kusuuza. Amekubali kuja Alhamisi.

Alhamisi, 18 Aprili
Sijui nianzie wapi.

Daktari akamwinua mguu, akawasha taa. Akauliza kovu hili la nini. Nikafungua mdomo — mama mdogo kaniwahi. "Pasi, daktari. Iliniponyoka mkononi. Hapo kabla palikuwa hapana kitu." Bila kupepesa! Huyu huyu aliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kukana kuwa nimeiba sukari.

Daktari akaangalia tena. Akasema ngozi iliyoungua wakati mwingine hufanya weusi pembeni. Akaandika: kovu la moto. Dawa ya kupaka, arudi baada ya miezi mitatu.

Na mimi? Nikajikaza kisabuni. Nikamshikia mlango, nimevaa koti langu jeupe.

Nje nikamkamata mkono. Mama mdogo, umefanya nini? Akasema mguu ni wake, kazi ni yangu. Yeye ameshaishi, mimi bado nina watoto wadogo. Na nisithubutu kumuumbua mbele ya daktari. Nikamwangalia akienda mpaka kona. Nilikuwa na sekunde zote za dunia za kurudi ndani kusema. Sikurudi. Najichukia.

Ijumaa, 19 Aprili
Niko kwenye benchi la korido, pamoja na wagonjwa. Nimegonga kwa daktari, kasema nisubiri, ana mtu.

Asubuhi nilimpigia mama mdogo nikamwambia leo nasema. Akakata simu. Sasa kaleta ujumbe: nikisema, yeye ataapa kuwa ni pasi, na hakanyagi tena hapa, wala hakatwi kipande na mtu. Anaweza! Namjua, akishika neno halegezi. Nikinyamaza, miezi mitatu. Nikisema, huenda asirudi kabisa. Haya yote kwa dakika kumi za mashine.

Maneno nimeyapanga. Siyo pasi, daktari. Ni mimi. Nimeyasema kimoyomoyo mara sita.

Mgonjwa ametoka. Daktari kachungulia, anauliza mbona nimekaa huku, niingie. Simu inaita. Ni mama mdogo. Daktari ameuacha mlango wazi, ananisubiri. Naiacha simu iite, nafunga daftari, naingia.