Nguruwe wa Jumapili

Dada yangu mpendwa Perlita,

Pokea salamu zangu kutoka Alberta, kwenye baridi inayogandisha hata masharubu. Naomba barua hii ikukute magoti yametulia na unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Vipi mke wangu Ligaya? Na mwanangu Jessa, bado anaficha mboga chini ya wali? Asante kwa kuwatunza hapo kwako. Mimi ni mzima, nimenenepa, na uzuri wa sura umezidi; waulize akina mama wa parokia.

Kwanza nijisifu, maana nisipojisifu mimi utazisikia kwa nani sifa zangu. Bucha la mzee Orest sasa linajulikana kwa ajili ya mdogo wako. Analetwa nusu ng'ombe, namtundika kwenye ndoano, na kahawa ya mzee haijapoa nimeshamgawa vipande vya kupigwa picha. Shule ilinishinda mapema, wewe shahidi, lakini kisu hakijanishinda.

Nilikwisha kukueleza utaratibu wa huku. Mgeni akifanya kazi ya ufundi kwa muda unaotakiwa, kwa mwajiri aliyeandikwa kwenye kibali chake, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na mkewe na mtoto wakaja kuishi naye. Kukata nyama kiwandani hakuhesabiwi ufundi, kwa kuwa mtu anasimama kutwa akikata kipande kilekile. Kukata buchani kunahesabiwa. Ndiyo maana rafiki yangu Efren wa kiwandani alikuwa akinitania kila tukitoka misa, ati fundi, ukishakuwa Mkanada utatukumbuka, au utajifanya umesahau Kisebuano? Namjibu nitamwajiri anifulie soksi.

Sasa, Wafilipino wa hapa waliposikia natoka Carcar, mji wetu unaosifika kwa nguruwe wa kuokwa, basi, sikupumzika tena. Ubatizo, harusi, siku ya kuzaliwa, wananiita niwaokee nguruwe mzima. Jumapili nafagia theluji nyuma ya nyumba ya mtu, nawasha mkaa, namjaza mchaichai na vitunguu saumu, namtunga kwenye mti na kuuzungusha mpaka ngozi inavunjika kama biskuti. Nikiaga, mwenye nyumba ananisukumia bahasha mfukoni. Ukikataa umemdharau mbele ya wageni wake. Wewe mwenyewe ungenizaba kofi.

Mwezi uliopita ofisa wa uhamiaji alinipigia simu buchani, mwanamke wa sauti ya upole, akitaka kuhakikisha kazi niliyoiandika kwenye ombi langu la ukaazi. Mzee Orest alisimama kando amenyanyua kidole gumba. Nilimweleza yule ofisa kazi zangu, kutenganisha mifupa, kutengeneza soseji, kuwashauri wateja. Aliridhika, Dada. Nilimsikia kabisa akiridhika. Akauliza kama nina la kuongeza.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Nilidhani hajaujua ufundi wangu wote. Nikamwambia hizo za buchani ni kazi ndogo, aje Jumapili amwone fundi, mji mzima unanigombania niwaokee nguruwe.

"Na hao watu wanakulipa?"

"Wataachaje kunilipa, mama? Hapa hakuna anayeniacha niondoke mikono mitupu."

Akauliza tangu lini. Nikamjibu kwa majivuno, tangu nilipofika. Mzee Orest akashusha kidole.

Jibu limekuja. Kibali changu ni cha bucha moja tu, kazi nyingine yoyote ya malipo ni marufuku. Wamenikatalia. Mzee alifunga duka akanipeleka Edmonton kwa mwanasheria, na njia nzima alijilaumu kwamba hakuninyang'anya simu. Mwanasheria alisoma, akavua miwani, akasema hakuna aliyenisingizia, maneno ni yangu mwenyewe, naye hana pa kushika. Kibali kinaisha baada ya Pasaka, nisitarajie kingine. Nikamwambia yule ofisa angeonja ile ngozi angenipa uraia palepale. Hakucheka. Mimi pia nilikuwa nimeishiwa kicheko.

Efren alikuja na mkewe wameniletea wali na samaki. Hakunitania. Alisimama mlangoni na koti lake, akaniomba radhi kwa bahasha ya ubatizo wa mwanawe. Afadhali angenitania.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Ligaya hajui. Jana kwenye simu aliniuliza Jessa anunuliwe koti la namna gani. Nikamwambia zito, lenye kofia. Ndivyo nilivyomjibu, Dada. Mdomo uliomwambia ofisa kila kitu ulishindwa kumwambia mke wangu neno moja. Akasema wiki hii ataaga shuleni anakofundisha, ili mwalimu mkuu apate mtu wa kushika darasa lake.

Mwambie wewe. Mkalishe jikoni, Jessa akiwa nje, umwambie asiache kazi. Na kama ameshaaga, kaa naye tu. Usiniandikie kwanza.

Nisalimie majirani wote, na Padri, na yeyote sokoni atakayeuliza habari zangu, waambie nimenenepa. Mungu akulinde, nami nakubusu mkono.

Mdogo wako anayekupenda,
Boning