Mpira wa Kijani Kwenye Mashua ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi wa ukurasa wa saba,

Naomba msaada, na naomba pia usicheke kabla hujafika chini, maana mimi mwenyewe nilipoanza kuandika nilicheka, halafu nikafikiria Jumamosi, kicheko kikakata chenyewe. Mimi ni fundi wa pale gatini, shule niliishia darasa la tano kwa sababu mimi na hesabu za kugawanya hatukuelewana, lakini mikono yangu haijawahi kugoma, naziba, napaka, nakwangua, naunga, na watu wananiita Papo Hapo kwa sababu kazi ya wiki mbili ya fundi mwingine mimi naimaliza kabla chai haijapoa, na hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Pale gatini kuna binti anashona matanga na maturubai, tumependana mwaka na nusu, na akicheka cherehani inaenda upogo. Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Huyu mama ana mashua ya tanga aliyoachiwa na marehemu mumewe, mashua yenyewe imenizidi umri, na anaipenda kuliko wakwe wote watakaokuja. Tena ni msomaji wako, kila Alhamisi anakaa barazani na gazeti na kalamu nyekundu, akikuta kosa analizungushia duara, akifika kwako anasoma kwa sauti mpaka jirani wasikie. Kwa hiyo tafadhali jina langu lifiche, na jibu nitumie kwa siri, kwa barua.

Nilipoenda kujitambulisha hakuniuliza ukoo wala kabila, alinipeleka moja kwa moja kwenye mashua akaniinamisha pale nyuma, kwenye kile kishimo wanachokaa watu na kushika usukani.

"Kijana, unaona nini hapo sakafuni?"

"Matundu mawili, mama."

"Ya nini?"

"Ya... upepo?"

Binti akaangalia pembeni. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mvua ikinyesha au wimbi likiruka, maji yanajaa hapa tulipo. Yanashuka kwenye matundu haya, yanapita kwenye mipira miwili chini ya sakafu, yanatokea ubavuni, yanarudi baharini yalikotoka. Mipira hiyo imezeeka, imepasuka. Nibadilishie, halafu tutaongea habari za binti."

Sasa karibu yetu alikuwa amesimama fundi wa injini, yule mwenye ovaroli isiyoshika grisi, ambaye naye anamtolea macho binti, akadakia bila kuulizwa, "Mama, mipira ya kazi hiyo ni ile minene yenye waya ndani, lazima uagize, ni wiki tatu hivi." Shangazi, ulimi wangu ukaniruka. Nikasema, "Ijumaa mama, utakuwa umeshapata!" Mama akasema, "Mimi sijakupa tarehe." Nikasema, "Nimejipa mwenyewe!" Wakacheka, nikajiona nimeshaoa.

Alhamisi ikafika, nimezunguka maduka yote, mpira mnene hakuna. Nikarudi nyumbani nimekata tamaa, na pale uani nikauona mpira wa kijani wa mama mwenye nyumba, ule wa kumwagilia maua, mrefu, umejikunja tu juani hauna kazi. Nikakata kipande, si wizi Shangazi, niliazima bila kumsumbua mtu. Nikaupaka dawa ya viatu nyeusi mara tatu, ukawaka kama kiatu cha askari.

Nilipoingia chini ya sakafu, mashua ikiwa imepandishwa nchi kavu, nikakuta ile mipira ya zamani imepishana, wa tundu la kushoto unaenda kutokea ubavu wa kulia, wa kulia unaenda kushoto, kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Nikacheka peke yangu mle ndani. Nikasema, mlevi gani alifunga hivi? Nikainyoosha, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia, na mpira ukabaki. Kila mwisho ulikuwa na klipu mbili, mimi nikaweka moja, maana moja ikishika ya pili ni mapambo. Halafu kule chini kila mpira unapotokea kuna koki ya kufunga maji ya bahari yasiingie, na koki ya kushoto ilikuwa imekwama kwa kutu ikiwa wazi, nikaivuta kwa nguvu za kiume, mkono wake ukakatika. Nikaugandisha kwa gundi. Umesimama vizuri sana, ila haufungi kitu.

Ijumaa mama akamwaga ndoo nzima pale nyuma, maji yakatoka mbio kama wageni waliosikia chakula kimeisha. Akasema, "Umefaulu," na jioni ile ile mashua ikashushwa majini. Fundi wa injini akapiga teke kopo. Mama akatangaza hapo hapo kwamba Jumamosi ya wiki ya pili yake tutatoka na mashua, familia zote mbili, tufahamiane huko majini, na huko ndiko nitakakojibiwa.

Basi kwa furaha nikaenda kumsimulia mzee mpiga rangi, yule wa siku nyingi pale gatini, nikamwambia kuhusu yule mlevi aliyepishanisha mipira. Mzee alikuwa anacheka nami, akaacha ghafla, brashi ikabaki hewani inadondosha.

"Umeinyoosha?"

"Nimeinyoosha, mzee wangu."

"Mwanangu, mashua ya tanga ikipigwa na upepo inakaaje?"

"Inalala upande."

"Ikilala kushoto, ubavu wa kushoto unakuwa wapi?"

"Chini... ndani ya maji."

"Na mpira wako wa kushoto unatokea wapi?"

Shangazi, nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Ilikuwa na rangi. Mzee akasema yule unayemwita mlevi ni marehemu mume wa mama, na ndiye aliyekuwa na akili, alipishanisha ili tundu lililo chini litokee ubavu ulio juu, na mimi nimetengeneza bomba la kuivuta bahari ije ikae na abiria. Akauliza mpira wenyewe ni upi, nikamwambia, akashika kichwa. Akasema mpira wa maua ukipigwa joto unalegea, klipu moja itauachia, na kama koki haifungi, maji hayataishia miguuni, yatajaza tumbo la mashua lote, na mtaanza kuulizana nani anajua kuogelea.

Nikakimbia kwenda kurekebisha kimyakimya. Nilipolegeza tu klipu ya kushoto, maji yakanirukia usoni kama yalikuwa yananisubiri, nikaziba kwa kiganja, hapana, nikavua sandali nikaziba kwa sandali, nikaikalia. Nimekaa pale, bahari inanisukuma kwa chini, mara namsikia mama mkwe juu ya gati.

"Fundi! Uko humo?"

"Nipo mama, nakagua!"

"Mbona sauti imebadilika?"

"Ni mwangwi, mama!"

Alipoondoka nikarudisha mpira nikakaza klipu, nikachota maji mpaka kiuno kikakataa. Sasa nimeelewa, haiwezekani kurekebisha mashua ikiwa majini, mpaka ipandishwe juu, na haipandishwi bila mwenyewe kusema ndiyo, na hawezi kusema ndiyo bila kuuliza kwa nini.

Na safari ni Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wanane, Shangazi. Mama mkwe, dada yake, baba wadogo wawili wa binti, binti mwenyewe, mimi, mjomba wangu, na mama yangu mzazi ambaye hata beseni analiangalia kwa wasiwasi, na ameshashona gauni. Nikisema ukweli nakosa mke na fundi wa injini anapita na ovaroli yake. Rafiki yangu mmoja ananishauri niugue tumbo siku hiyo, mwingine anasema niuibe usukani usiku wa kuamkia safari, waahirishe. Mimi naona la usukani lina akili. Nifanye nini?

Wako mtiifu,
Fundi Asiyejulikana

*

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Fundi Asiyejulikana, umeomba nikufichie jina halafu mistari mitano tu umeshaandika watu wanavyokuita. Nakuhurumia. Nimecheka pale kwenye sandali, nakiri, nikamwita mwenzangu wa meza ya pili naye akacheka. Tukafika kwa mama yako na gauni lake jipya, mwenzangu akarudi mezani kwake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa umeuchonga mwenyewe, ukaupaka dawa ya viatu na kupigiwa makofi. Unajua kilichokuponza? Siyo mpira. Mpira ulikuwa haupo, ungesema haupo. Nani alikupa tarehe? Mama alikwambia kwa mdomo wake, "sijakupa tarehe." Ulikuwa na wiki tatu za bure mkononi ukazitupa ili mwenye ovaroli akasirike. Na ulipokuta kazi ya mtu imefungwa kwa namna usiyoielewa, ukaamua yeye ndiye mjinga. Mwanangu, fundi akikuta kitu cha ajabu kwenye kazi ya mwenzake huuliza kwanza, ndipo anacheka.

Habari ya kuugua tumbo, futa. Ukiugua wewe, wao wataondoka bila wewe, na utakuwa umelala kitandani mzima huku mama yako anazama. Habari ya usukani nayo futa, na huyo rafiki naye mfute.

Nilimsomea barua yako bwana mmoja aliyetengeneza mashua maisha yake yote. Anasema hivi, na nisikilize vizuri maana hakucheka hata kidogo. Usiguse tena ile klipu mashua ikiwa majini, Mungu hatoi sandali mara mbili. Leo hii chonga vizibo viwili vya mbao laini, vyembamba mbele na vinene nyuma, kimoja kifunge kwa kamba pembeni ya kila koki, maji yakiingia unagonga kizibo, hupigi kelele. Mashua ipandishwe juu. Koki yenye gundi itolewe, iwekwe mpya inayofungika, na ile nzima ilainishwe kwa grisi na ifungwe na kufunguliwa mara kwa mara, isije ikakwama kama mwenzake. Mipira iwe minene yenye waya ndani, klipu mbili kila mwisho, za chuma kisichoshika kutu, na ipishane kama marehemu alivyoipishanisha. Na kila baada ya miezi mitatu uingie chini ya sakafu uibinye kwa mkono. Ikiwa migumu kama mfupa, au ina nyufa, au inabonyea kama ndizi mbivu, inabadilishwa, haipakwi chochote.

Na mipira utaagizia wapi? Utamwuliza fundi wa injini. Ndiyo, huyo huyo. Utamfuata, utasema "ndugu yangu, ulikuwa sahihi," kisha utamwomba akushikie tochi. Itauma kuliko dawa ya jino. Utapona.

Mama mwenye nyumba mpelekee mpira mpya, mzima, na maua yake umwagilie wewe mwenyewe kabla ya kazi mpaka achoke kukuona.

Sasa binti. Mficha uchi hazai, na wewe unataka kuoa. Nenda kwa mama yake, simama, usikae mpaka ukaribishwe. Anza na marehemu. Lile neno "mlevi" ningeweza kulifuta, nimeliacha kwa makusudi, kwa hiyo liombee msamaha kabla ya koki. Halafu taja vyote kwa mpigo, mpira, klipu, gundi, sandali. Usiseme "kwa bahati mbaya." Usilie, amefundisha watoto wengi, machozi ya watoto waliokamatwa anayajua. Mwambie safari isogezwe wiki tatu, na kwamba hizo wiki tatu zote utakuwa chini ya sakafu ile. Huenda akakufukuza. Akikufukuza utakuwa umekosa mke, lakini watu wanane watakuwa wamekula chakula chao cha mchana. Na mimi nawajua walimu wakuu. Mtoto anayekuja mwenyewe ofisini kabla hajaitwa, huwa hawajui wamfanye nini.

Ulitaka jibu la siri kwa barua. Nilifikiria sana. Lakini safari ni keshokutwa, barua ingechelewa, na mashua yenye watu wanane haikai kwenye droo yangu. Kwa hiyo nimechapisha. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mpira wa kijani umenishinda kuuficha.

Leo ni Alhamisi. Umesema mwenyewe, yuko barazani na kalamu nyekundu. Huanzia ukurasa wa kwanza, na gazeti letu, namshukuru Mungu, lina makosa mengi, atazungushia duara mpaka chai ipoe. Mimi niko ukurasa wa saba.

Una kurasa sita, Papo Hapo. Kimbia.